Kutoka Kitante hadi Mwenge: safari ya kuufuata uhunzi wa mapambo

Jumatatu, Kampala

Bangili niliyokwenda kuitazama Makumbusho ya Uganda, pale Kitante, ni nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Moyo wake ni singa za mkia wa ng'ombe. Juu ya singa fundi amezungusha waya mwembamba wa shaba, mzunguko ukibanana na mzunguko, mpaka singa hazionekani tena na bangili nzima inapindika bila kuvunjika. Mapambo ya namna hii yalivaliwa Ankole na Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, pia Rwanda na upande wa Kivu, mikononi na miguuni, mengi kwa pamoja. Waya wa aina hiyohiyo ulifungwa kwenye mipini ya mikuki ya wakubwa.

Mimi ni fundi wa vyuma. Karakana yangu iko Old Kampala. Naunga mageti na grili, na kwa mapenzi yangu nafanya kazi za shaba: hereni, bangili, vishikio vya milango. Nimeona bangili za zamani zikiuzwa kwenye maduka ya sanaa, na sijapata muuzaji wa kunionyesha mtu aliyezitengeneza. Kwa hiyo nimefunga safari kuwatafuta wanaojua bado. Nimefuatana na mtoto wa kaka yangu, anayejifunza kazi kwangu. Yeye ndiye mpiga picha na mwandishi wa vipimo.

Makumbusho haya yalianza mwaka 1908 kwenye ngome ya Lugard, yule ofisa Mwingereza, juu ya kilima cha Old Kampala, yakahamia Kitante mwaka 1954. Katika miaka ya 1940 na 1950 Margaret Trowell, na baadaye Klaus Wachsmann, waliyaongoza na kukusanya kazi za mikono za nchi hii kwa bidii kubwa. Bila watu kama hao leo tusingekuwa hata na umbo la kuliangalia, nami nawashukuru kwa dhati. Lakini kibandiko cha kabatini hutaja jina la kitu, watu waliokitumia na mahali kilikotoka, basi. Hakisemi waya ulipashwa moto mara ngapi, ulipakwa nini ili upite tunduni, wala fundi alikaa mkao gani.

"Shangazi," kijana akaniuliza, pua ikikaribia kioo, "mwisho wa waya uko wapi?"

Tuliinama, tukazunguka upande wa pili. Hatukuuona. Nikamwambia aliandike swali hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Jumanne, Katwe na Kasubi

Wanaosema kazi ya mikono imekufa waje wasimame Katwe saa nne asubuhi. Ni nyundo, grainda na cheche kila upande. Ukitaka geti, sigiri, toroli, mashine ya kupukuchulia mahindi au sufuria ya kumimina kwenye kalibu, utatoka nayo. Na urembo upo tele: mageti yana simba, yana ncha za mikuki zilizopakwa rangi ya dhahabu, yana maua ya nondo zilizokunjwa baridi. Watu wanalipia uzuri, hilo nimelishuhudia maisha yangu yote ya kazi. Kilichopungua ni njia za kuufikia. Karibu kila kitu sasa kinakatwa, kinachomelewa na kupakwa rangi. Kuvuta waya, kusokota, kuchora kwa tindo na kufua bamba mpaka lijae kama kifua cha njiwa ni mambo ambayo vijana wengi wa Katwe hawajawahi kuyaona yakifanywa.

Tulinunua mali kwa Hajji mmoja anayeuza vyuma chakavu. Shaba nyekundu inatoka kwenye mota zilizoungua, na shaba ya njano kwenye mabomba, makomeo na valvu. Akamfundisha kijana kupima kwa sumaku. "Mwanangu, ikinasa, hicho ni chuma kilichovishwa koti." Kisha akakwaruza kwa tupa ili aone rangi ya ndani. Hajji hanunui waya uliokwisha kuvuliwa ganda. Anapokea mota nzima na kuandika jina la aliyeileta. Wizi wa nyaya za umeme umezitesa sana familia na hospitali katika nchi hii, na fundi wa shaba asiyeuliza mali imetoka wapi anasaidia wizi huo. Nilichukua risiti, nikaibandika daftarini.

Akiwa anapima kilo, Hajji alitusimulia habari za Walukaga, mhunzi mkuu katika hadithi za Buganda. Kabaka alimwamuru afue mtu wa chuma anayetembea, anayesema na mwenye damu. Walukaga akazunguka akiomba ushauri bila kufaulu, hadi alipokutana na rafiki yake wa zamani aliyerukwa na akili. Yule akamwambia: mwombe Kabaka mkaa wa nywele za watu wote, na mitungi ya machozi ya kuzimia moto. Nywele zilinyolewa nchi nzima na mkaa haukutosha, machozi nayo hayakujaza mitungi. Kabaka akaifuta amri yake. Hajji anaipenda hadithi hii kwa sababu moja. "Mfalme alijua anachokitaka. Hakujua kinavyotengenezwa."

Alasiri tulipanda Kasubi, kwenye makaburi ya Makabaka wanne. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga, iliteketea. UNESCO, iliyoiweka Kasubi kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ikaihamishia kwenye orodha ya mahali palipo hatarini, na haikuiondoa huko hadi 2023. Kazi ya kuijenga upya ilikuwa ndefu, na ilitegemea ezeko. Ezeko la nyumba ile ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na ilibidi vijana wafundishwe na wazee wachache waliobaki wanaoijua. Michoro na picha zilikuwepo tangu zamani. Picha haikuezeka hata shada moja la nyasi. Waliorudisha nyumba ni watu walioshika nyasi mikononi na kukosolewa na mzee aliyekaa chini yao.

Nimepitia Kasubi makusudi, kwa sababu uhunzi wa mapambo hauna ukoo uliokabidhiwa kazi kwa namna hiyo leo, wala hauna jengo kubwa la kuwafanya watu washtuke. Uganda imeandikisha UNESCO utengenezaji wa mbugu (nguo za magome ya miti), tarumbeta za Bigwala za Busoga, majina ya heshima ya empaako na mengine kadhaa. Uhunzi haumo.

Jumatano, barabara ya Mbarara

Basi la asubuhi. Lukaya kuku wa mishikaki na gonja, ndizi za kuchoma, madirishani, Masaka kupumzika, kisha tambarare za Lyantonde na ng'ombe wenye pembe ndefu.

Huku ndiko ilikoingilia shaba ya mapambo. Msafara wa Ahmed bin Ibrahim ulifika kwa Kabaka Suuna II mwaka 1844 ukitokea pwani kupitia Unyanyembe na Karagwe, na mingine ikafuata. Pamoja na vitambaa na shanga walibeba masango, yaani nyaya nene za shaba zilizoviringishwa. Wahunzi wa bara hawakuyavaa masango kama yalivyofika. Waliyavuta mpaka yakawa membamba, wakayageuza kuwa kitu ambacho mleta mzigo hakukijua. Sisi tunaozungumza Kiswahili hapa Uganda tuna fungu letu katika habari hii. Waliobeba waya walikuwa watu wa lugha yetu, na waliojua cha kuufanyia walikuwa wenyeji wa huku.

Kabla ya kuingia Mbarara tulishuka Biharwe, kwenye kituo cha utamaduni cha Igongo. Makumbusho yake, Eriijukiro, yana vitu vya Ankole na Kigezi vilivyopangwa kwa upendo: vyombo vya maziwa, mikuki, na mapambo ya miguuni ambayo wenyeji huyaita enyerere. Mama mmoja tuliyemkuta akitembeza wageni alisema bibi yake alizivaa, na kwamba mtu alijulikana anakuja kabla hajaonekana kwa jinsi zilivyogongana. Sauti hiyo haimo kwenye kibandiko chochote. Kijana ameiandika.

Alhamisi, Nakivale

Nakivale, wilaya ya Isingiro, imepokea wakimbizi tangu mwaka 1958. Ukifika sokoni unasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Goma, cha Uvira, pamoja na Kinyarwanda, Kirundi na Kisomali. Tulipata ruhusa ofisini, kisha tukaelekezwa kwa mzee tuliyeambiwa habari zake na wacheza ngoma wa Mbarara. Anatoka milima ya magharibi ya Ziwa Kivu. Baba yake alikuwa mhunzi, na babu yake pia.

Hakutupokea kwa furaha, na sababu zake zilikuwa nzuri. Alitazama simu ya kijana, akasema, "Mama, ukipeleka mikono yangu mu simu, mutoto wangu atakula nini?" Watu walishawahi kuja wakampiga picha, wakaondoka, hakuwaona tena. Tulikaa chini ya mwembe muda mrefu tukikubaliana. Nitamlipa kama mwalimu, kwa siku. Video zitabaki kwake na kwangu, hazitawekwa intanetini bila yeye kukubali. Hatua zote naweza kuzieleza, isipokuwa mchanganyiko wake wa kung'arishia, ambao ni wa nyumba yake. Huo hamtausoma hapa. Naona watu wengi wanaozungumzia kuhifadhi ufundi wanaliruka jambo hili. Ujuzi wa fundi ni shamba lake. Anayetaka kuuhifadhi aanze kwa kuuliza mwenyewe atavuna nini.

Baada ya hapo akawa mtu mwingine.

Karakana yake ni kibanda chenye giza, na giza hilo ni la makusudi, kwa maana rangi ya moto haisomeki juani. Mivukuto ya baba yake ilikuwa vyungu viwili vilivyofunikwa ngozi ya mbuzi, kila ngozi na kijiti chake, unapandisha hiki ukishusha kile. Sasa anatumia feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Alipovuka mpaka hakuwa na chombo hata kimoja, kwa hiyo bamba la kuvutia waya alilitengeneza hapahapa kutoka kwenye springi ya lori. Alilipasha hadi likawa jekundu, akatoboa matundu kwa msumari mgumu, kila tundu dogo kidogo kuliko lililotangulia, kisha akalipasha tena na kulitia majini ili liwe gumu.

Kijana hapo akachanganyikiwa. Mzee alikuwa ametoka kueleza kwamba chuma cha springi kikitoka motoni na kuingia majini kinakuwa kigumu. Mara akachukua waya wa shaba uliokuwa mgumu, akaupasha, akautumbukiza maji yaleyale, ukatoka laini kama uzi. Ndivyo ilivyo. Shaba inakuwa ngumu kwa kupigwa na kuvutwa, na moto unairudishia ulaini. Maji kwa shaba ni ya kupoza tu. Kwa shaba ya njano mzee anasubiri wekundu uondoke kwanza ndipo aitie majini, la sivyo inaweza kupasuka. "Usingojee iwake sana," akamwambia kijana. "Ukiona rangi iko sawa damu ya kukauka, toa." Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, na waya mwembamba hufika huko ghafla, ukakatika na kudondoka katikati ya mkaa.

Waya uliotoka motoni una ngozi nyeusi. Aliuosha kwa ndimu na chumvi hadi ukawa wa waridi. Akachonga ncha kwa tupa, akaipaka nta, akaipitisha tunduni, akaishika kwa koleo na kuvuta huku akirudi nyuma kwa hatua za kulingana, mwili mzima ukivuta, mkono ukiwa umenyooka. Tundu la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye tundu la tatu waya ulianza kutoa mlio mwembamba. Akasimama. Mlio ule maana yake shaba imekuwa ngumu, na ukiilazimisha tundu la nne itakatika. Inarudi motoni. Kisha matundu matatu mengine, na moto tena.

Nilimwomba nivute mimi, akanipa nafasi. Mkono unahisi kabla sikio halijasikia. Kuna mtetemo mdogo kwenye koleo, na hapo ndipo pa kuacha. Nimesoma kwingi kuhusu kulainisha shaba kwa moto, na sikuwahi kusoma kuhusu mtetemo huo. Namna pekee ya kuufikisha kwa mtu mwingine ni kumpa koleo mkononi ukiwa umesimama kando yake.

"Batoto ba leo banapenda bintu ya mbio," mzee alisema tulipokuwa tunakunywa chai. "Lakini shaba haijue mbio."

Ijumaa, Nakivale

Leo ilikuwa zamu ya kusokota. Singa za ng'ombe zilikuwa zimelowekwa usiku kucha. Mzee alifunga fundo la singa kwenye kigingi, upande wa pili akaubana kwa vidole vya mguu, akavuta hadi singa zikakaza kama uzi wa zeze. Waya ukaanza kuzunguka. Kidole gumba kinausukuma, ukucha unaubananisha na mzunguko uliotangulia, mkono wa kushoto unaachia waya kidogo kidogo. Akifika mahali fulani anaingiza shaba ya njano, anazungusha pamoja nyekundu na njano, kisha anaendelea na njano peke yake. Milia inatokea hivyo. Zamani rangi ya tatu ilikuwa ya chuma. Leo ni ya alumini.

Swali la kijana lilijibiwa kabla ya sala ya Ijumaa. Mwisho wa waya hauonekani kwa sababu unaingia ndani. Mizunguko michache ya mwisho inafungwa juu ya kitanzi cha uzi. Ncha ya waya inapitishwa kwenye kitanzi, kitanzi kinavutwa, na ncha inazama chini ya mizunguko na kukatwa pale inapochomoza. Halafu bangili inaviringishwa juu ya ubao na kugongwa taratibu kwa nyundo ya mti. Kijana alirudia hatua hiyo moja hadi mzee akaridhika, na mzee si mtu wa kuridhika upesi.

Kabla ya kuondoka tulitengeneza kitu ambacho nimekuwa nikikiwaza tangu Kitante, nacho ni ubao wa hatua. Tumefunga juu yake waya kama ulivyotoka kwenye mota, kisha ulivyotoka motoni ukiwa mweusi, kisha baada ya ndimu, baada ya kila tundu, na singa kavu, singa mbichi, bangili iliyofikia nusu, na ncha inayoingia kitanzini. Mzee akataka na kipande kilichokatika kwa kuvutwa kikiwa kigumu, na kingine kilichoungua motoni, ili mwanafunzi avijue kwa macho. Ubao mmoja umebaki kwake, na watoto wa majirani walishaanza kuugusagusa. Mwingine nimeuchukua. Makumbusho yoyote nchini yakitaka wa tatu, mzee amekubali kuutengeneza kwa malipo, na nitawaandikia.

Nakumbusha pia jambo la afya. Alipoyeyusha vipande vya komeo ili apate kibonge cha kufua, alitutoa nje na kufungua kibanda pande zote. Shaba ya njano ina zinki, na zinki ikichomeka inatoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na kutetemeka usiku. Wachomeleaji wa mabati wanaijua homa hii. Tafadhali msiyeyushe chumbani.

Jumamosi, Kilembe

Kutoka Mbarara tulipitia Ishaka, tukateremka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa hadi Kyambura, tukavuka Katunguru na tembo wakiwa mbali upande wa kushoto, tukafika Kasese mchana.

Kilembe palichimbwa shaba kuanzia mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mchanga wa shaba ulipandishwa treni kwenda kuyeyushwa Jinja kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, na kutoka hapo ukaelekea Mombasa. Watu wa makabila mengi walikusanyika katika nyumba za mgodi, na Kiswahili ndicho walichoelewana. Mpaka leo kuna familia hapa ambazo watoto huamkia kwa Kiswahili. Mto Nyamwamba umebomoa sehemu kubwa ya bonde kwa mafuriko ya 2013 na ya 2020. Kuta zimebaki wazi, na mawe makubwa yamelala palipokuwa na nyumba.

Mzee mstaafu wa mgodi alitueleza kwa nini mhunzi wa zamani asingeweza kuipata shaba hii kwa mkaa na mivukuto. Imefungamana na salfa na chuma, na ni lazima ichomwe kwanza kuondoa salfa, kisha iyeyushwe, kisha isafishwe tena. Kwa hiyo wafua mapambo waliishi juu ya mlima wa shaba huku wakingoja shaba iliyobebwa mabegani kutoka pwani. Nilipomwonyesha ubao wa hatua aliushika kwa muda mrefu. Alifanya kazi mgodini ujana wake wote, na hajawahi kumiliki hata pete ya shaba. Nilimwachia bangili yangu.

Jumapili, Mwenge

Fort Portal, halafu Kyenjojo kupitia mashamba ya chai. Mwenge ni nchi ya chuma. Watafiti wa mambo ya kale, akiwamo Louise Iles, wamechimba huku mabaki ya tanuri za zamani, lakini mkulima hahitaji mtafiti kumwonyesha mavi ya chuma, yaani takataka zilizobaki mawe ya chuma yalipoyeyushwa, kwa sababu jembe lake linayagonga kila msimu.

Mwenyeji wetu ni mzee ambaye baba yake alikuwa mhunzi. Kabla ya lolote aliniuliza empaako yangu. Nikamwambia sina. Akanipa Abwoli, na tangu hapo hakuniita kwa jina lingine. Kiswahili alijifunzia jeshini, na kimemkaa vizuri. Alituongoza hadi kwenye migomba akaokota bonge zito, jeusi, lenye mng'ao wa kioo upande mmoja. Upande wa chini lilikuwa na alama za mabua, wazi kabisa, hadi mistari ya ganda. Shimo la chini ya tanuri lilijazwa mabua. Mavi ya chuma yalipotiririka yakiwa moto yaliyazunguka, yakaganda, na mabua yakaungua yakaacha sura yao. Chuma chenyewe hakikuyeyuka. Kilibaki juu kama bonge lenye matundumatundu, likatolewa na kufuliwa muda mrefu ili uchafu utoke. Kutoka kwenye bonge hilo walipata majembe, mikuki, visu, na pia njuga na bangili.

Nilimuuliza kuhusu mwiko. Wakati wa kuyeyusha mawe, wanawake hawakukaribia tanuri, na wahunzi wenyewe walijitenga na wake zao. "Abwoli," akasema, "tanuri lilikuwa kama mwanamke anayejifungua. Ndiyo maana." Hakuomba radhi kwa ajili ya wazee wake, nami sikutaka aombe. Lakini alipoulizwa kama mwanamke anaweza kushika nyundo leo, alijibu kwamba mwiko ulikuwa wa mawe na tanuri. Shaba iliyonunuliwa haikuzaliwa hapa. Akaingia ndani, akatoka na nyundo ya baba yake, kichwa chake kimelika upande mmoja kwa kazi, akaniwekea mkononi nifue nayo waya tuliokuwa nao. Mzee alitazama bila kusema. Baadaye alirekebisha mkao wa kiwiko changu, kama baba yake alivyomrekebisha yeye.

Nimeandika mwiko na jibu lake pamoja. Anayehifadhi ufundi huu akiuacha mwiko kwa kuona haya, atakuwa ameacha nusu ya maelezo ya kwa nini tanuri lilijengwa mbali na nyumba, na kwa nini kazi ilijulikana na wachache.

Jumatatu, Fort Portal

Vijana wa karakana moja ya mageti karibu na soko walitukaribisha. Wanaunga vizuri, kazi yao ni safi. Niliwawekea ubao wa hatua mezani, na kijana wangu akawaonyesha kitanzi cha mwisho. Yeye ndiye aliyefundisha, mimi nilikaa kando.

Swali lao la kwanza lilikuwa la bei, na ndilo lililostahili kuulizwa. Bangili ya kiwandani inauzwa barabarani shilingi 3,000. Hii ya singa na waya wa kuvuta inachukua karibu siku nzima, na mzee wa Nakivale huiuza 25,000 akipata mteja. Tulipiga hesabu pamoja. Bangili peke yake haitawalisha. Lakini wanaokodisha mavazi kwa sherehe za kuhingira, yaani za kumuaga bibi harusi, huko Ankole wananunua kwa seti, na seti moja ya mikono na miguu ni fedha ya maana. Kisha mmoja wao akasema jambo ambalo sikulifikiria: kishikio cha geti. Mwenye nyumba anayelipia simba wa bati atalipia pia kishikio kilichofungwa waya wa shaba wa rangi mbili, mkono wake unakigusa kila siku. Waya wa kishikio ni mnene, hauhitaji kuvutwa mara nyingi, na mtu anaweza kujifunza kusokota huku akilipwa.

Tukakubaliana hivi. Geti wanalounga sasa litakuwa na kishikio hicho, na mwenye geti ameshapigiwa simu akakubali kuongeza 60,000. Wawili kati yao watakwenda Nakivale mwezi ujao kukaa na mzee. Nauli ni yao, ada ya mzee ni yangu, na chakula tutagawana. Mzee amejibu kwa ujumbe wa sauti kwamba waje na singa zao wenyewe, za ng'ombe aliyekomaa, na wasije siku ya soko. Kijana wangu ataungana nao. Nimemwachia daftari.